Kabla ya Kuongeza Volti, Uliza Nani Anayelalamika

(Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni hapa Dar es Salaam, mbele ya mafundi na vijana wanaojijengea kompyuta za mezani. Wengi mlishindwa kufika, kwa hiyo naiweka nzima. Picha za ukutani nimeziacha.)

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za jioni. Dada zangu mliokaa mbele, nawaona, na ninafurahi kwamba mwaka huu mmekuja wengi.

Nimeombwa nizungumzie kompyuta iliyofanyiwa ovakloki, yaani iliyolazimishwa kukimbia kuliko ilivyopangiwa kiwandani, halafu ikakataa kutulia. Inaganda. Inajizima. Inatoa skrini ya bluu katikati ya kazi. Au mbaya zaidi, inafanya kazi wiki nzima bila neno, na siku ya kumkabidhi mteja kazi yake ndiyo siku inayokuangusha.

Naomba kuona mikono. Nani hapa, mashine ilipoganda, kitu cha kwanza alichofanya ni kuingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya msingi ya kompyuta inayosomwa kabla Windows haijawaka, na kuongeza volti? Asanteni kwa ukweli wenu. Ni karibu ukumbi mzima.

Hicho ndicho kilichonileta hapa. Tumejifunza kwamba prosesa, ubongo wa kompyuta, ikilalamika ina njaa, na ikiwa na njaa ilishwe volti. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Ndugu zangu, kwenye prosesa methali hiyo inaunguza. Jioni hii nataka tukubaliane kitu kimoja: kabla ya kuongeza volti, uliza nani anayelalamika.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu tabia hii ina historia. Mwaka 1998 Intel walitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A. Kiwandani ilipangiwa megahezi 300, yaani mapigo ya megahezi 66 ya basi, ile njia ya data inayoiunganisha prosesa na vifaa vingine, yakizidishwa mara nne na nusu. Watu wakagundua kwamba ukipandisha basi hadi 100, inakimbia 450. Wengine walifunika pini moja ya prosesa kwa kipande kidogo cha utepe ili mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, idhani imewekewa prosesa ya basi la 100. Nyingi zilifika huko kwa volti ileile ya kiwandani, volti 2.0. Asilimia 50 ya mwendo, bure kabisa! Kizazi kizima kilikua kikiamini kwamba kila prosesa ina mali iliyofichwa ndani, na kazi yetu ni kuichimba.

Siku zile mali ilikuwepo. Leo je? Prosesa ya leo inajikimbiza yenyewe. Core i9-13900K ya Intel, hujagusa chochote, inapandisha kiini chake, yaani kimoja kati ya vichwa vyake vya kufanya hesabu, hadi gigahezi 5.8. Mtengenezaji ameshachimba karibu kila kitu, na amekuachia makombo. Mtu anayegombania makombo kwa volti nyingi anapaswa kujua hesabu yake.

Hesabu ni hii, na naomba muiandike. Nguvu inayoliwa na prosesa inapanda sawasawa na mwendo, lakini inapanda kwa kipeo cha pili cha volti. Chukua prosesa ya gigahezi 4.0 kwa volti 1.20. Ipeleke 4.6 kwa volti 1.35. Mwendo umepanda asilimia 15. Volti imepanda asilimia 12 na nusu. Joto? Zidisha 1.15 kwa 1.125 kwa 1.125. Utapata kama 1.455. Joto limepanda karibu asilimia 45! Na hapo bado hujahesabu umeme unaovuja ndani ya silikoni, nao unaongezeka kadiri prosesa inavyopata moto. Silikoni yenye moto nayo mara nyingi inadai volti zaidi ili ishike mwendo uleule. Unaongeza volti, inapata moto. Imepata moto, inadai volti. Mmeona duara hilo? Kuna watu wamezunguka humo usiku kucha.

Basi tuanze na jambo la kwanza: volti uliyoiandika kwenye bayosi siyo volti inayofika kwenye prosesa.

Nilipata kijana mmoja, fundi mzuri tu, mashine yake ina Core i7-8700K. Aliipandisha hadi gigahezi 5.0 kwenye viini vyote sita. Usiku mzima aliipa jaribio zito la mzigo, ikapita. Asubuhi akafungua kivinjari asome habari, ikajizima. Akarudia. Jaribio zito, imepita. Kusoma barua pepe, imekufa. Akaniambia, "Kaka, hii mashine inapenda kazi, haipendi kupumzika." Tayari alikuwa ameshaongeza volti mara nyingi, na joto chini ya mzigo lilikuwa linagonga nyuzi 95.

Kulikuwa na nini? Sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotelea.

Umeme unatoka kwenye pawa saplai ukiwa volti 12. Kando ya soketi kuna saketi za kushusha volti hiyo hadi moja na kitu. Prosesa inapovuta umeme mwingi, volti inaporomoka kidogo njiani, kama presha ya maji nyumbani mtu wa bafuni anapofungua bomba wakati wewe uko jikoni. Prosesa inayokula wati 150 kwa volti 1.25 inavuta ampea 120. Kama njia ina ukinzani wa miliohmu moja tu, volti 0.12 zimepotea. Umeandika 1.30, imefika 1.18.

Sasa swali. Je, mporomoko huo ni kasoro? Hapana! Umewekwa kwa makusudi. Mzigo unapoachiliwa ghafla, saketi ile haiwezi kusimama papo hapo, na volti inaruka juu kwa muda mfupi sana. Kama chini ya mzigo ilikuwa imekaa chini, mruko huo hauvuki kiwango cha hatari. Ukiondoa mporomoko wote, mruko unaanzia juu na kwenda juu zaidi. Na huwezi kuuona. HWiNFO, ile programu ya kusoma vipimo vya mashine, ukiiacha ilivyokuja, inasoma kila baada ya sekunde mbili. Mruko unaisha ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Anayeuona ni mwenye osiloskopu, kile chombo kinachochora volti inavyopanda na kushuka.

Ndipo tunakuja kwenye ile sehemu ya bayosi inayoitwa LLC. Kazi yake ni kupunguza mporomoko. Yule kijana aliiweka LLC kwenye kiwango cha juu kabisa, kisha ili apunguze joto akaweka upunguzaji wa volti kwa miendo yote, mikubwa na midogo. Chini ya mzigo, LLC ilikuwa inambeba. Mzigo ulipokuwa mwepesi, hakuna wa kumbeba, ule upunguzaji ukabaki peke yake na kiini kikakosa chakula. Mashine haikuchukia kupumzika. Ilikuwa inanyimwa volti wakati wa kupumzika.

Tuliirudisha LLC katikati. Tukapunguza ule upunguzaji. Joto la mzigo likashuka, mashine ikatulia. Mmesikia? Tulirekebisha tatizo la volti, na prosesa ikawa ya baridi kuliko mwanzo. Kila mazabodi inahesabu viwango vya LLC kivyake, nyingine namba kubwa ndiyo kali, nyingine namba ndogo. Soma kitabu cha mazabodi yako kabla ya kunakili namba za mtu.

Wenye Ryzen, zile prosesa za AMD, na nyinyi mna ndugu wa tatizo hilo. Kile kipengele cha kupunguza volti kwa kila kiini, ambacho kila hatua yake ni kama milivolti 3 hadi 5, watu wanakiweka hasi 30 kwenye viini vyote kwa sababu wameona mtu kafanya hivyo. Jaribio la viini vyote linapita. Kisha mashine inajiwasha upya ukiwa unasikiliza muziki. Kwa nini? Kwa sababu kiini kimoja kikiwa peke yake kinapanda mwendo mkubwa kuliko vyote vikiwa pamoja, na huko juu ndiko kinapokosa volti. Jaribio la viini vyote haliwezi kukuonyesha hilo hata ukiliacha mwezi. Tumia programu ya CoreCycler, inajaribu kiini kimoja kimoja. Ukishakijua kilicho dhaifu, kirudishie chenyewe hatua chache. Vingine viache.

Jambo la pili: anayelalamika huenda siyo prosesa kabisa.

Mteja wangu mmoja ni mchoraji wa ramani za majengo. Mashine yake ilikuwa inatoa skrini za bluu za kila namna, leo kosa hili, kesho lile. Aliyekuwa anamhudumia kabla yangu alikuwa amepeleka volti ya prosesa hadi 1.40, na feni zilikuwa zinalia kiasi kwamba ofisini hamsikilizani. Sikugusa volti. Niliirudisha prosesa kwenye mipangilio ya kiwandani. Skrini ya bluu ikabaki. Nikaurudisha mwendo wa rami, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kutoka 3200 hadi 2133. Skrini ya bluu ikaondoka.

Mashine ilikuwa na vipande vinne vya rami. Vipande vinne vinaielemea zaidi sehemu ya prosesa inayosimamia rami kuliko vipande viwili. Na hapa naomba mniamini: ile XMP, mipangilio ya kuikimbiza rami kuliko kawaida, mnayoiwasha kwa kubonyeza mara moja ni ovakloki. Rami ya DDR4 ya kawaida imepangiwa volti 1.2, na XMP mara nyingi inaipeleka 1.35. Mtu anawasha XMP, anasema "sijafanya ovakloki", kisha anatafuta ugonjwa kwenye viini vya prosesa wakati ugonjwa uko kwenye rami. Yule mchoraji tulimwachia 2933. Volti ya prosesa ikarudi ya kiwandani, na ofisi ikanyamaza.

Kwa hiyo tenganisha. Tenganisha! Rami peke yake, prosesa ikiwa ya kiwandani: chukua programu ya kupima rami, Memtest86 au ndugu yake Memtest86+, iendeshe kutoka kwenye flashi kabla Windows haijawaka. Kosa moja tu linatosha kuikataa rami hiyo kwa mwendo huo. Usijiambie "kosa moja si kitu". Kisha prosesa peke yake, rami ikiwa kwenye mwendo wake wa kawaida: programu ya Prime95 kwa mahesabu madogo, ambayo yanakaa ndani ya kashe, kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya prosesa, na kuvikamua viini. Vyote viwili vikipita vikiwa mbalimbali, ndipo uviunganishe, na hapo utumie jaribio la mchanganyiko. Ukianza na vyote kwa pamoja, mashine ikianguka utamlaumu nani?

Na soma ilichoandika mashine yenyewe. Windows inatunza kumbukumbu za matukio. Tafuta WHEA, jina ambalo Windows inayapa makosa ya vifaa. Tukio namba 19 ni kosa ambalo prosesa ililisahihisha ikaendelea, hukuona kitu. Namba 18 ni lile lililoiangusha. Mara nyingi limeandikwa hadi kiini gani. Mashine ambayo haijawahi kuganda lakini ina mistari ya namba 19 kila siku imeshakwambia iko ukingoni. Wanaotumia Linux, rasdaemon itawaandikia habari hizohizo.

Vipi ikizimika kabisa, taa zote, bila skrini ya bluu, bila mstari wowote? Hapo mimi macho yangu yanahama kutoka kwenye prosesa. Naangalia pawa saplai, naangalia waya wa volti 12 unaoingia juu ya mazabodi, naangalia kama zile saketi za kushusha volti zina kipozeo au ziko uchi. Kwa kiwango cha pawa saplai za ATX cha kabla ya toleo la 3.0, ile volti 12 haipaswi kushuka chini ya 11.4. Pima kwa mita chini ya mzigo, usitegemee namba ya kwenye programu. Kuna pawa saplai hapa mjini zimeandikwa wati 600 na uzito wake ukizishika unajua ni karatasi. Na kama mashine inaanguka saa moja na mbili jioni tu, wakati mtaa mzima umewasha kila kitu, pima umeme wa ukutani kabla hujafungua bayosi.

La joto nitalisema haraka. Joto la prosesa linaanzia kwenye joto la chumba. Mashine uliyoipitisha Julai, wakati wa kipupwe, usiku, dirisha wazi, hujaipitisha kwa ajili ya Februari saa nane mchana. Acha nafasi. Kama jaribio linakugonga nyuzi 95 wakati wa baridi, hiyo siyo mashine ya Dar es Salaam.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndilo nililotaka hasa kuja kulisema. Mashine isiyozimika siyo lazima iwe mashine inayosema kweli.

Alinijia mpiga video za harusi. Mashine yake haijawahi kuganda, haijawahi kuzimika, michezo inacheza, kazi anamaliza. Malalamiko yake yalikuwa kwamba baadhi ya faili alizohifadhi hazifunguki, na nyingine zinafunguka lakini kuna mahali picha inavunjika vipande vipande. Alishabadilisha diski. Alishabadilisha nyaya. Alifikiri ni virusi. Nilichukua faili moja kubwa, nikaipima alama yake ya uhakiki, ile namba ndefu inayotokana na kila biti iliyomo. Nikaipima tena. Nikaipima tena. Faili ileile, diski ileile, hakuna aliyeigusa, na alama zikatofautiana. Mnaelewa maana yake? Kila ilipokuwa inasomwa, mashine ilikuwa inaibadilisha. Rami ilikuwa imebanwa muda wake wa kuitikia kupita kiasi ili mtu apate alama nzuri kwenye kipimo cha kasi.

Kila faili aliyoinakili kwenye mashine ile kwa miezi ilipita kwenye rami hiyo. Alikuwa anamwaga kadi za kamera humo, anahakikisha majina ya faili yapo, anafuta kadi. Wazee waliopigwa picha kwenye harusi zile, wengine hawapo tena. Nani atawarudisha wavae, wasimame, wacheke tena mbele ya kamera? Yule bwana alikaa kwenye kiti changu akanyamaza muda mrefu. Nilirudisha rami kwenye mipangilio ya kawaida ndani ya dakika chache. Zile faili zilizoharibika hazikurudi.

Ndiyo maana siwezi kukubali mtu akiniambia "mbona michezo inacheza vizuri?" Mchezo ukikosea hesabu ya rangi ya jani moja, hujui. Faili ya mteja ikikosewa biti moja, ameumia yeye.

Ndiyo maana pia ninaipenda Prime95. Haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ilizaliwa katika mradi wa GIMPS, ulioanzishwa mwaka 1996 na George Woltman, wa kutafuta namba tasa kubwa kwa kutumia kompyuta za watu wa kawaida. Hesabu moja inaweza kuchukua wiki, na biti moja ikikosewa, wiki yote imepotea. Kwa hiyo walijenga jaribio linalofanya hesabu ambazo majibu yake yanajulikana na kuyalinganisha. Haiulizi kama mashine bado inawaka. Inauliza kama jibu ni sahihi. Mwanzoni mwa mwaka 2016, watu wa namba tasa ndio waliogundua kwamba prosesa za Intel za kizazi cha Skylake zinaganda katika mahesabu fulani zikiwa na mipangilio ya kiwandani kabisa. Yeyote angedhani ni volti. Wao walilinganisha mashine moja na nyingine, wakaona zote zinaangukia palepale, wakampelekea Intel ushahidi, na marekebisho yakaja kwa njia ya bayosi. Wangeanza kwa kuongeza volti, kila mmoja chumbani kwake, wasingelijua hilo kamwe.

Lipo jaribio rahisi ambalo hata dada wa stationari anaweza kulifanya. Chukua folda kubwa, ifunge kwa 7-Zip, programu ya kubana mafaili, ifungue, linganisha alama za uhakiki. Rudia saa nzima. Likikataa mara moja, usikubali kazi ya mtu kwenye mashine hiyo. Na wenye Ryzen, ukiona mwendo ulioandikwa ni mkubwa lakini alama za kipimo zimeshuka kuliko jana, prosesa inapunguza mapigo yake kimyakimya kwa kukosa volti. Hiyo nayo ni lugha.

Jambo la nne, la mwisho. Volti inaua, na mara nyingi haiui siku hiyohiyo.

Mwaka 2002 Pentium 4 aina ya Northwood zilipangiwa volti kama 1.5. Wapenda mwendo wakazipa 1.7 na zaidi, zikakimbia kwa raha, halafu baada ya wiki au miezi zikafa ghafla. Ziliishia kupewa jina la ugonjwa, kifo cha ghafla cha Northwood. Volti kubwa na joto vinasukuma mkondo mkubwa ndani ya nyaya nyembamba mno, na atomi za chuma zinahamishwa polepole hadi njia inakatika.

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, twende Aprili 2023. Ryzen 7 7800X3D mpya kabisa, baadhi zikaungua kwenye soketi, na picha za prosesa zilizovimba upande wa chini zikaenea dunia nzima. Wengi wa wenye prosesa hizo hawakuwa wamegusa volti ya viini. Waliwasha mipangilio ya EXPO ya rami, ndugu wa XMP kwa upande wa AMD, na baadhi ya mazabodi zikapandisha zenyewe volti ya SoC, sehemu ya prosesa iliyo nje ya viini, inayosimamia rami. AMD wakaweka kikomo cha volti 1.3 kwa sehemu hiyo, na bayosi mpya zikatolewa. Umeona? Neno "auto" kwenye bayosi halina maana ya "salama". Ukiwasha EXPO, angalia volti ya SoC kwa macho yako.

Na lililonihuzunisha zaidi ni la Intel, kizazi cha 13 na cha 14. Watu walikuwa wanacheza michezo, ujumbe unasema kumbukumbu ya kadi ya picha imeisha. Wakanunua kadi nyingine. Tatizo likabaki. Kumbe prosesa ilikuwa inakosea katika kufungua data zilizobanwa, na mchezo ukawa unamlaumu asiyehusika. Julai 2024 Intel walieleza kwamba maikrokodi, yale maelekezo ya ndani ya prosesa yanayokuja na bayosi, ilikuwa inaomba volti kubwa kupita kiasi. Agosti ikaja maikrokodi 0x129, iliyozuia ombi lisivuke volti 1.55, na Septemba ikaja 0x12B. Waliuita ugonjwa huo kuhama kwa volti ya chini: saketi ya saa ndani ya kiini inachakaa, na prosesa iliyokuwa inatosheka na volti fulani inaanza kudai zaidi kwa mwendo uleule. Waranti ikaongezwa miaka miwili. Lakini prosesa iliyokwisha kuchakaa haiponi kwa maikrokodi.

Fikirini hilo. Mashine iliyokuwa imara mwaka jana kwa 1.30, mwaka huu inadai 1.33. Fundi anaongeza. Baada ya miezi inadai 1.36. Fundi anaongeza. Anadhani anatibu. Kila akiongeza, anaharakisha uchakavu uleule uliomleta mteja. Kwa hiyo andika. Kila mashine iwe na daftari: tarehe, mwendo, volti iliyoombwa, volti iliyopimwa chini ya mzigo, joto, joto la chumba. Mashine ikianza kudai zaidi ya ilivyodai zamani, shusha mwendo. Megahezi 100 hakuna atakayeziona zimeondoka. Mimi mashine ya mteja huwa naishusha hatua moja chini ya pale ilipopita jaribio, na siombi radhi kwa hilo.

Baada ya hapo kijana aliyekaa nyuma aliuliza: amepata Core i9-13900K ya mtumba, bei nzuri, muuzaji anasema haijawahi kufanyiwa ovakloki, je, anunue? Nilimjibu hivi. Mdogo wangu, kwa prosesa hiyo, kutofanyiwa ovakloki hakukwambii kitu, kwa sababu zile zilizoumia ziliumia hata kwenye mipangilio ya kiwandani. Muulize ilitumika kabla ya Agosti 2024 bila bayosi mpya? Namba zake za waranti zipo? Kisha nenda na flashi yako. Bayosi iwe mpya, mipangilio iwe ile ya msingi ya Intel, kikomo cha nguvu kiwe wati 253, kisiwe 4096 kama baadhi ya mazabodi zilivyozoea kuweka. Rami iwe bila XMP. Fungua na kufunga mafaili makubwa saa nzima, linganisha alama. Likitokea kosa moja, rudisha pesa mfukoni, hata kama muuzaji atakuonyesha kwamba ukiongeza volti kidogo kosa linapotea.

Maswali mengine tutayachukulia mezani. Kuna mashine tatu zimewashwa pale, moja ina kasoro ya rami, moja ya LLC, na moja pawa saplai yake inashuka chini ya 11.4. Sikuandika ipi ni ipi. Njooni na mita zenu.